Usichomoe Kwanza

Kitu cha kwanza nilichokiona ni ile taa ndogo ya kijani. Haikuzimika. Iliacha tu kupepesa.

Siku zote ilikuwa inapepesa haraka haraka, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni, kila kompyuta ilipoandika joto la mayai kwenye diski. Asubuhi hiyo nilikuwa nafagia chumba cha mashine, nikainua kichwa, nikaona imetulia. Feni ilikuwa inazunguka. Namba iliyo juu ya mlango ilionyesha thelathini na saba na nusu, kama inavyotakiwa. Nikaendelea kufagia. Nilipomaliza, namba ilikuwa ileile, haijasogea hata chembe, na joto la kweli halikai mahali pamoja. Hupanda kidogo, hushuka kidogo, kama pumzi. Nikaweka kiganja kwenye kioo cha mlango. Kilikuwa kinapoa.

"Shangazi," nikaita, "imekufa tena."

Shangazi alikuwa uani anaosha trei. Akaja mikono ikichuruzika maji, akachungulia. "Mbona inawaka?"

"Inawaka, lakini haipepesi."

Akainama kuishika plagi.

"Shangazi, mikono ina maji."

"Umeme wa nyumba hii unanijua," akasema, akachomoa, akangoja kidogo, akachomeka. Kompyuta ikaamka. Taa ikaanza kupepesa, hita ikabofya na kuwaka. Shangazi akalipiga kabati kofi jepesi la mgongoni, kama anayemcheulisha mtoto, akarudi kwenye trei zake.

Hivyo ndivyo tulivyoishi na mashine ile. Ilikuwa kabati kubwa la mbao lenye mlango wa kioo, na ndani yake mayai yamepangwa trei juu ya trei. Aliyeitengeneza ni mtoto wa shangazi, binamu yangu, ambaye watu wote humwita Waya kwa sababu tangu utotoni hakukosa kipande cha waya mfukoni. Sasa anafanya kazi mji mwingine, kwenye karakana ya kompyuta. Juu ya kabati alifunga kikompyuta chenye ukubwa wa pakiti ya karata, kisicho na kioo wala vitufe, sahani tupu ya kijani yenye chipu za ukoo mmoja na chipu za simu. Aliniambia ukoo huo unaitwa ARM, na kwamba kinachokiendesha ni Linux. Nilimjibu sawa. Mimi niliacha shule darasa la tano, sina sababu ya kubishana na sahani.

Mwanzoni kila kitu kilikaa kwenye memori kadi. Kadi ikafa kwa kuandikwaandikwa kila dakika. Waya akaja, akaweka diski nzuri, akaiunganisha kwa kebo fupi yenye kigeuzi katikati, kidude cha kutafsiri kati ya diski na kompyuta, kadi ikabaki ya kuamshia tu. Na kwa kuwa alikuwa ameshafungua, akaisasisha Linux pia, akapanda basi akaondoka. Ugonjwa ulianza wiki hiyohiyo.

Nilikuja kukaa kwa shangazi baada ya yale mambo. Nyumbani huitwa hivyo, yale mambo. Mama alisema nije nipumzike. Sikuwa na huzuni. Watu walinitazama wakiitafuta huzuni usoni mwangu, hawakuiona, wakaridhika. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa: upo, ni wako, lakini ukiugusa hausikii. Nilifagia, nikajaza maji kwenye bakuli la unyevu, nikapima mayai kwa tochi. Yai lenye uhai ukiliwekea tochi unaona mishipa myembamba kama mizizi. Yai lililokufa lina pete ya damu, au giza lisilotikisika. Shangazi alinifundisha kuyatoa hayo upesi.

"Usilikodolee macho," alisema. "Tia ndooni, endelea."

Mikono ya shangazi ni myepesi kwa kila kitu. Siku ya yale mambo pia ndiye aliyekuwepo.

*

Mzigo wa mayai uliotangulia ulipoa tukiwa msibani kwa jirani. Tuliporudi taa ilikuwa imetulia, hatukujua tangu saa ngapi. Vifaranga waliotoka walijaa kwenye beseni moja dogo. Akina mama wa kikundi, ambao mayai yalikuwa yao, hawakusema neno baya. Walikunja vikapu vyao tu wakaondoka, na hilo lilimuuma shangazi kuliko matusi. Safari hii walimpa mayai tena, lakini kila mmoja aliyeleta alisimama mlangoni akiitazama mashine kama anayemtazama mkwe mlevi.

"Haya yakifa," shangazi aliniambia, "nafunga mlango. Kabati nitalifanya la nguo. Na wewe utarudi kwa mama yako."

"Sawa," nikasema.

Nilijaribu kujiuliza kama nataka kurudi. Hakuna kilichojibu. Ila usiku huo niliota nafagia nyumbani, na kila nikifagia, chumba kinakuwa na watu wanaonitazama usoni.

Waya alipiga simu karibu kila siku. Kwanza alisema umeme unaoingia kwenye sahani ni dhaifu, akatuma adapta nene zaidi. Ikafa. Akasema ni kebo, akatuma nyingine. Ikafa. Akasema basi ni diski yenyewe, akatuma diski. Ile nayo ikaenda siku kadhaa, tukaanza kupumua, ikafa.

"Mganga hajigangi," shangazi akamwambia kwenye simu. "Za watu unatengeneza. Ya mama yako inakata roho kila kukicha."

"Mama, za watu naziona. Hiyo naisikia kwa masikio."

"Na masikio yako tangu mdogo yalikuwa mazito. Haya, ongea na binamu yako, mimi nina kazi." Akanipa simu.

"Binamu," Waya akasema, "bado hujaolewa tena?"

"Bado unasuka nywele kwa waya?"

"Angalau ninazo nywele." Halafu akaacha utani. "Niambie. Ikifa, nani anaichomoa?"

"Mama yako."

"Upesi?"

"Kabla sijamaliza kusema imekufa."

Nilisikia mtu nyuma yake akipiga nyundo kitu chepesi. "Na kabla haijachomolewa, inasema nini?"

"Haisemi kitu. Inatulia tu."

"Inasema. Ila hamuisubiri." Akanieleza taratibu, kama anavyonieleza kila kitu, bila kunifanya mjinga. Linux ina kiini chake. Kiini kikianguka, kabla hakijanyamaza kabisa hutoa maneno ya mwisho, kinasema kilikuwa kinashika nini na kimekosea wapi. Kwa kawaida angeyakuta maneno hayo kwenye diski. Lakini kama kilichopotea ni diski yenyewe, yataandikwa wapi? Yanabaki hewani, yaani kwenye kioo, kama kioo kipo. Na sisi kioo hatukuwa nacho. Ukichomoa plagi, yanafutika.

"Kila safari mmekuwa mnamzika kabla hajamaliza kusema," akasema.

Nilitazama kidole changu, kilikuwa na doa la damu ya yai.

"Binamu, upo?"

"Nipo."

"Nitatuma kioo na kibodi kwa basi. Uvichomeke, uache hivyo. Ikifa, usichomoe. Nipigie, unisomee."

"Mimi? Kiingereza changu kiliishia kwenye paka na mbwa."

"Hicho si Kiingereza, ni makapi. Nisomee herufi moja moja, na namba. Usiruke hata nukta."

"Na mayai?"

"Kuku naye hutoka kiotani kwenda kula, mayai hayafi kwa hilo. Usifungue mlango tu. Mama nitamwambia."

Alimwambia. Shangazi akajibu "sawa, sawa" kwa sauti ile anayowajibu watoto wanaoomba kulala bila kuoga.

*

Kioo kilifika kimefungwa kwa magazeti, kina mkwaruzo pembeni. Nilikichomeka kama nilivyoelekezwa. Kikaonyesha weusi na mistari michache ya herufi nyeupe. Kwa siku kadhaa hapakutokea kitu. Mayai yakafika siku zake za mwisho, tukaacha kuyageuza. Siku hizo kifaranga anajipanga ndani, anatafuta mahali pa kutobolea. Nilikuwa nasogeza sikio kwenye kioo cha kabati bila kujua ninachosikiliza.

Ilikufa mchana, baada ya kula. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Kisha kioo, ambacho kilikuwa kimelala, kikaanza kumwaga mistari. Ilishuka upesi, mmoja juu ya mwingine, halafu ikasimama. Hita ikabofya, ikazimika.

Niliita. Si kwa sauti kubwa, mimi sina sauti kubwa. Lakini shangazi masikio yake si kama ya mwanawe. Alikuja kwa hatua zake zile, akajifuta mikono kwenye gauni, akainama.

Sikumbuki nikiamua. Niliona tu kiganja changu kimeshafunika plagi ukutani.

"Usichomoe," nikasema.

"Nini?"

"Usichomoe kwanza."

"Mtoto wa kaka yangu, yanapoa."

"Najua."

"Unajua, halafu? Yamebakiza siku ngapi haya? Toa mkono."

Sikutoa. Tangu nije kwake sikuwahi kumkatalia hata kikombe cha chai. Mkono wake ulibaki hewani, umekunjwa vidole vitatu, tayari kushika. Nilimwona akinitafuta usoni kama wale wengine, lakini sasa alikuta kitu, sijui nini, maana alirudi nyuma.

Kwa mkono mwingine nikampigia Waya, nikaweka sauti ya wazi, nikaiweka simu juu ya kigoda.

"Imekufa," nikasema. "Ina maneno."

"Haijachomolewa?"

"Nimeishikilia."

"Binamu, Mungu akupe mume mwenye gari. Anzia juu."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kitu kirefu hivyo kwa sauti. Shuleni nilikuwa nikisimamishwa kusoma, napotea mstari, mwalimu anasema kaa. Hapa hapakuwa na maneno ya kuogopa, ni herufi tu. Mabano, namba, nukta, namba, mabano. Es, di, ei. Nilisoma kila kitu, hata vistari. Waya alikuwa akisema "ndiyo", "ndiyo", "endelea". Nyuma yake ile nyundo iliacha kupiga.

Shangazi alisimama kwa muda mikono kiunoni. Kisha akaweka kiganja kwenye kioo cha kabati. "Kimepoa," akasema, hakumwambia mtu. Akatoka. Nilidhani ameenda kukasirika uani. Akarudi amebeba blanketi la kitandani kwake, na shuka, na koti la marehemu mumewe. Akalizungushia kabati blanketi, akachomeka ncha nyuma, akatupia koti juu, ila akaacha nafasi ya kompyuta kupumua.

"Kama hutaki nichomoe," akasema, "basi niache nifunike."

Alifunika upesi na vizuri, kwa mikono ileile. Niliitazama ikikunja pembe za shuka. Kitu kilinipita kifuani, kidogo, kama mguu unapoanza kurudi na kuchomachoma. Nikaendelea kusoma.

"Yu. Ei. Es," nikasema. "Kistari cha chini. I. Echi. Kistari cha chini. Ei, bi, o..."

"Simama," Waya akasema. "Rudia herufi tatu za kwanza."

"Yu, ei, es."

"Mstari unaofuata unaanza na nini?"

"Vilevile. Na wa chini yake. Ipo mingi. Halafu baadaye kuna neno riseti. Hilo nalijua, lipo kwenye redio yako."

Akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani akaikuta kichwani. "Adapta, kebo, diski. Nimewasumbua watu wa basi bure. Mama yupo?"

"Nipo hapa nimegeuka mfuniko," shangazi akasema.

"Kuna kipande cha programu ndani ya kiini, kazi yake kuzungumza na diski. Kinaitwa draiva."

"Dereva. Sasa amelewa?"

"Hajalewa. Ana haraka. Linux ya zamani ilikuwa inatumia dereva mtaratibu, anatoa amri moja, anangoja jibu, ndipo anatoa nyingine. Nilipoisasisha akaingia huyu mpya, anatupa amri nyingi kwa mpigo. Kile kigeuzi kwenye kebo kikiulizwa, unaweza? kinasema naweza. Hakiwezi. Zikizidi kinaduwaa. Hakifi, kinaduwaa tu. Dereva anaita, hakijibu. Anakitikisa, hakijibu. Mwisho anasema diski haipo, na kiini kinaanguka chote."

"Kumbe na kebo mpya uliyotuma..."

"Ina kigeuzi cha aina ileile. Nilinunua kwa mtu yuleyule."

"Kweli masikio mazito," shangazi akasema, lakini kwa upole.

"Dawa yake?" nikauliza mimi.

"Tunamwondoa mwenye haraka kwa kigeuzi hiki tu. Tunaiambia Linux, huyu mpelekee amri moja moja. Atakuwa mzito kidogo. Mayai hayana mbio. Sasa mama, chomoa."

Nikatoa kiganja. Shangazi akanitazama kwanza, kama anayeomba ruhusa, akachomoa, akachomeka. Hita ikabofya.

Waya akanipeleka kwenye faili linalosomwa wakati wa kuamka. Lilikuwa na mstari mmoja mrefu. Niliandika mwishoni mwake alichonitajia, herufi kwa herufi, pamoja na namba za kile kigeuzi ambazo tulizitafuta kwanza. Alinionya nisiushushe mstari, ukivunjika vipande viwili kompyuta haitausoma wote. Nilibonyeza kwa kidole kimoja. Shangazi alisimama nyuma yangu akipumua kwenye shingo yangu, mara mbili akasema "hapo umeacha nafasi?" na mara zote mbili nilikuwa nimeacha kwa kuambiwa. Tukaizima kwa adabu, tukaiwasha.

Taa ikaanza kupepesa. Safari hii polepole zaidi, wazi, funga, wazi.

*

Haikufa tena. Siku ya kwanza hatukuamini. Shangazi aliacha blanketi juu ya kabati usiku akalala na shuka. Siku ya pili nilisikia mlio ndani ya yai, mwembamba kama msumari unaokwaruza bati mbali sana, na kesho yake maganda yakaanza kupasuka. Walitoka wamelowa, wamechoka, wakalala kifudifudi juu ya trei kama watu walioshuka safari. Wengi walitoka. Akina mama wa kikundi wakaja na vikapu, wakasimama mlangoni, mmoja akamwuliza shangazi kwa jina lao la utani, "Meneja, mashine imepona?" Shangazi akasema, "Ilikuwa na dereva mwenye haraka. Mwanangu na huyu wamemshusha." Akanionyesha kwa kidevu. Wakanitazama usoni. Sikuinamisha kichwa upesi kama kawaida yangu.

Walipoondoka nyumba ikawa na kelele za vifaranga waliobaki kwetu kwenye boksi, na harufu ile ya maganda mabichi. Shangazi akaleta ndoo kusafisha trei. Daima hubaki mayai ambayo hayakupasuka. Mengine yana kitobo kidogo, mwenyewe alianza, hakumaliza. Alikuwa anayatia kwenye ndoo mawili mawili, bila kutazama, mkono ukienda na kurudi.

Nikachukua moja lenye kitobo. Nikaligeuza. Ndani ya kitobo ulionekana mdomo wa manjano, na juu yake ile ncha nyeupe ya kuvunjia ganda. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa umekamilika kabisa.

"Usilikodolee macho," shangazi akasema. "Litakutesa bure. Kilichokwenda kimekwenda."

Alisema vilevile siku ile ya yale mambo. Nilikuwa bado nimelala, chumba kimya, na kila mtu alikuwa na haraka. Alimkunja kwenye shuka, pembe hii, pembe hii, akapita naye mlangoni. Nilinyanyua kichwa, nikaona mgongo wa shangazi. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu, akaanza kunipangusa jasho. Kila mtu aliniuliza maswali, unaumwa wapi, unataka maji, tumpigie nani, nikaduwaa, wakasema heri, hajalia, amepokea.

Shangazi alikuwa ananyoosha mkono achukue lile yai. Nikalikunja kwenye kiganja. Si kwa nguvu.

"Kwanza," nikasema.

Mkono wake ukabaki hewani.

"Shangazi, siku ile mlimwondoa upesi. Nilitaka kumwona. Uso wake tu. Nilitaka kumwona mwanangu."